Kutumikia si kutumwa: jibu kwa mwenyekiti wa Igombe

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa miaka 38, naanika dagaa mwalo wa Igombe, ufukwe wa kushushia samaki hapa Mwanza. Mwaka jana wenzangu 31 walinichagua mwenyekiti wa kikundi chetu. Tunanunua dagaa wabichi kwa pamoja, tunakausha, tunapeleka soko la Kirumba, na tuna sanduku la kuweka na kukopa. Siku ya kuchaguliwa niliahidi kuwa mtumishi wao. Nimejitahidi: mtu akiugua ni mimi, mzigo ukikwama Kirumba ni mimi, marejesho yakichelewa ni mimi nalipia kwanza ili hesabu zikae sawa. Sasa nimechoka, na nimesikia wengine wananiita 'dada wa kazi wa kikundi'. Shemeji yangu anasema kiongozi asiyeogopwa ni picha ya ukutani. Kiongozi anayetumikia watu anatambulikaje? Ana sifa zipi? Na je, nijiuzulu?"

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nikajikuta nahesabu maneno. Ndani ya sentensi moja umeandika "ni mimi" mara tatu. Nitaanzia hapo.

Angalia lugha yetu ilivyo na werevu. Kutuma, kutumwa, kutumia, kutumikia: mzizi ni mmoja. Kiongozi mbovu anatumia watu. Kiongozi aliyechoka kama wewe anatumwa na watu. Anayetumikia hayuko upande wa yule wala upande wako, na ukitazama vizuri, kati ya "kutumia watu" na "kutumikia watu" pana silabi moja tu, "ki". Ndiyo maana mtu anaweza kuvuka toka upande mmoja kwenda wa pili na asijue kavuka lini. Wewe hujavuka kwenda kwa watumiaji, hilo nina hakika nalo. Umeangukia upande wa kutumwa, ukadhani ndiko kutumikia.

Nimekuwa afisa ushirika kwa zaidi ya miaka 30, mingi nikiimaliza juu ya pikipiki kati ya Magu, Kwimba, Sengerema na Ukerewe, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyaona kuliko niliyoyasoma. Niliyoyasoma ni haya, kwa ufupi. Wasomi wa mambo haya hurudi kwa Robert Greenleaf, Mmarekani aliyefanya kazi karibu miaka 40 katika kampuni ya simu ya AT&T, kisha mwaka 1970 akachapisha insha iliyolitia jina wazo la kiongozi mtumishi. Waliomfuata wakachambua maandishi yake wakatoa sifa 10: kusikiliza, huruma, kuona mbali, kushawishi badala ya kuamrisha, na kuendelea. Orodha yote sikupi. Nimeshaiona imebandikwa ukutani kwenye ofisi moja, na chini yake mkulima kakaa tangu asubuhi anasubiri saini.

Chenye thamani kwa Greenleaf ni kipimo alichokiacha. Aliuliza: hawa unaowatumikia, wanakua? Wanazidi kuwa na busara, kuwa huru, kujisimamia, na wao nao kuwa na hamu ya kutumikia wengine? Na yule aliye chini kabisa, ananufaika, au angalau haongezewi mzigo?

Wazo lenyewe kwetu si geni. Anayekwenda kanisani ameshasikia katika Marko sura ya 10 kwamba anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi. Anayekwenda msikitini anaijua hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kila mmoja ni mchunga na ataulizwa juu ya alichokichunga. Ataulizwa, mwanangu. Hapo pana hesabu ya kutolewa, na mtu aliyetumwa hatoi hesabu. Anarudisha chenji basi.

Sasa kiweke kikundi chako kwenye kipimo hicho. Wenzako 31 wamekua tangu mwaka jana? Chukua hilo la marejesho peke yake. Mama mmoja amekopa shilingi 300,000, siku ya kurejesha hajafika, wewe unatoa kwenye mkoba wako, kitabu kinasomeka safi. Umemtumikia nani? Yeye amejifunza kwamba deni lake lina mwenyewe mwingine. Wenzake 30 wamesomewa hesabu isiyo ya kweli, maana kwa macho yao kila mkopo unarejeshwa kwa wakati, na kwa imani hiyo kesho watapitisha mkopo mkubwa zaidi. Na wewe umepata nini? Umepata kuwa mtu asiyeweza kukosekana. Nisamehe nikikuambia kwamba hiyo ni tamu. Naijua kwa sababu nimeionja.

Miaka hiyo nikiwa kijana nilichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya wazazi, shule yenyewe siitaji. Tulikuwa tunajenga madarasa mawili. Mchanga niliusimamia mimi, saruji niliinunua mimi, fundi alilipwa kwa mkono wangu, hata misumari niliihesabu. Watu wakanisifu sana. Kisha malaria ikanilaza siku 16. Niliporudi nikakuta ukuta uko palepale nilipouacha, fundi kaondoka, na mifuko ya saruji imelowa ikawa mawe, kwa sababu ufunguo wa stoo ulikuwa mfukoni mwa suruali yangu, nyumbani, umetundikwa kwenye msumari. Hakuna aliyeuliza. Nilikasirika, nikawaita wavivu. Mke wangu ndiye aliyeniuliza: wavivu umewafanya nani? Sikumjibu siku hiyo.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ninayoitafuta kwa kiongozi, nikiingia kwenye kikundi chochote, naitafuta kwa wanachama. Nauliza swali la kijinga tu, kwa mfano bei ya ndoo ya dagaa wabichi wiki iliyopita, au salio la sanduku. Wote wakigeuza shingo kumtazama mwenyekiti, nimeshajua hali ya kikundi. Wakianza kubishana wao kwa wao, huyu anasema hivi, yule anasema "hapana, hiyo ilikuwa kabla ya mbalamwezi", basi pana kiongozi pale, hata kama siku hiyo hayupo.

Kusikiliza watu wengi hudhani ni kukaa kimya mkutanini. Mkutanini husikii kitu, unasikia wenye sauti. Kikundi cha watu 32 kina wasemaji watano au sita, na hao wanajulikana. Mama mjane aliyeingia na hisa moja, ambaye ananunua ndoo mbili wenzake wakinunua 10, hawezi kusimama mbele yao akasema kwamba utaratibu wa kugawana mzigo kwa hisa unamwachia dagaa wa chini, waliopondeka. Utamsikia ukienda kwenye chanja yake saa nne asubuhi, mkashirikiana kugeuza dagaa, mkaongea mambo ya watoto, na katikati ya maneno hayo akatoa moja. Hilo moja ndilo la kupeleka kwenye mkutano, bila kumtaja. Nimewahi kumfahamu mwenyekiti mmoja upande wa Nansio, kule Ukerewe, ambaye kila baada ya mkutano alipita kwa wale ambao hawakusema neno. Hakuwapitia wote, alipita kwa wawili au watatu. Alikuwa mama wa maneno machache, wala hakuwa mpole. Kikundi chake kilidumu kuliko vingi vilivyokuwa na wenyeviti wa kuhutubia.

Kwetu Usukumani hili lilikuwapo zamani. Vijana wa kijiji walikuwa na kundi lao la kazi, wanalima kwa huyu leo na kwa yule kesho, na mkubwa wao aliitwa nsumba ntale. Utemi, yaani uchifu, ulikuwa na ukoo wake na taratibu zake, lakini nsumba ntale vijana walimchagua wenyewe. Yeye ndiye aliyepokea maombi ya wenye mashamba, akapatana nao malipo, akapanga siku, na aliyetega kazi akakiona. Babu yangu alikuwa akisema nsumba ntale asiyejua kushika jembe alichekwa mpaka akahama, lakini aliyeshika jembe tu akasahau kupatana malipo alichekwa zaidi, kwa sababu vijana walirudi nyumbani na njaa. Nafikiri wewe umeshika jembe, ukasahau kupatana.

Nije kwenye mizani ya pamba, maana ushirika wa kanda hii ulizaliwa hapo, na mengi ninayoyajua kuhusu uongozi yapo kwenye kisa hicho.

Miaka ya mwanzo ya 1950 mkulima wa pamba wa huku alipeleka mzigo kwa mnunuzi, mnunuzi akapima, akataja uzito, basi. Mkulima hakuwa na namna ya kujua kama mizani inasema kweli. Malalamiko yalikuwa mengi, na mtu angeweza kuyachukua malalamiko hayo akayageuza mtaji wa hotuba kwa miaka 10. Wakulima wa huku na vijana waliowaongoza, Paul Bomani akiwa miongoni mwao, walifanya jambo dogo la kushangaza: waliweka wapima mizani wao wenyewe, wa kusimama pale na kuhakiki uzito. Baada ya hapo vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 vikaungana kuwa chama kikuu kilichojulikana kwa herufi za VFCU (Victoria Federation of Co-operative Unions), makao yake hapa Mwanza. Bomani ndiye aliyekuwa meneja wake, kijana hajafika hata miaka 35, akiwa amepitia masomo ya ushirika Loughborough, Uingereza. Nchi ilipopata uhuru chama hicho kilikuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika, kikiwa na viwanda vyake vya kuchambua pamba.

Hawakumwambia mkulima "niamini mimi, nitakutetea". Walimpa jicho la kuona mwenyewe. Ukiniuliza sifa moja ya kiongozi mtumishi nitakayoishika kama nimenyimwa nyingine zote, nitashika hiyo: anawapa watu uwezo wa kumhakiki yeye mwenyewe pia.

Na kisa hakiishii pazuri. Chama kilipokuwa kikubwa, mizani ikaanza tena kulalamikiwa, safari hii ikiwa ya chama chenyewe. Mwaka 1966 iliundwa kamati maalumu ya rais kuchunguza ushirika nchi nzima, na iliyoyakuta ni yale ninayoyakuta mpaka leo kwenye vikundi vya watu 32: fedha zinazopotea, ajira za kindugu, na wanachama wasiojua haki zao. VFCU ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Waliopokea chama kutoka kwa waanzilishi hawakuwa mashetani. Wengi walikuwa watoto wa wakulima walewale. Ila mkulima alikuwa ameacha kusimama kwenye mizani, ameambiwa sasa chama ni chako, nenda kapumzike.

Sanduku lenu lina kufuli tatu? Vikundi vingi vya kuweka na kukopa vimefundishwa hivyo: kufuli tatu, funguo tatu kwa watu watatu tofauti, na mwenyekiti hashiki hata mmoja, mweka hazina naye kadhalika, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu mwingine kabisa. Nitashangaa kama kwenu funguo mbili haziko kwako. Wanakupa kwa sababu wanakuamini na kwa sababu wewe hukosi kikao, na wewe unapokea kwa sababu kukataa unaona kama kukosa utumishi. Zirudishe. Wazee wa TANU, chama kilicholeta uhuru, walikuwa na ahadi ya mwanachama ambayo watu wa umri wangu tuliiimba shuleni mpaka ikapoteza ladha: "Cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu." Dhamana ni kitu cha mwenzako ulichowekewa, naye ana haki ya kuja saa yoyote kukitazama. Kinachotazamwa saa yoyote hakihitaji mtu mwaminifu sana. Mimi nimekoma zamani kujenga kikundi juu ya uaminifu wa mtu, hata uaminifu wangu.

Kuhusu hesabu: zisomwe kwa sauti mwanzoni mwa kikao, na asisome yuleyule kila mara. Wanachama wakariri salio kabla hawajatawanyika, kikao kinachofuata waulizwe. Anayeona haya kusoma, asomewe na mwanawe. Na mikopo uliyoilipia kwa hela yako itajwe kama ilivyo: fulani hajarejesha, mwenyekiti amelipia, kwa hiyo fulani anadaiwa na mwenyekiti. Kutakuwa na kelele. Nusu ya kelele hizo zitakuwa za watu wanaosikia kwa mara ya kwanza kwamba sanduku lao halina afya waliyodhani linayo.

Umenitajia shemeji yako na picha ya ukutani. Sitambeza, maana ameona kitu, ila amekipa jina lisilo lake. Kikundi kisichoogopa chochote kinavunjika. Swali ni kiogope nini. Kikimwogopa mtu, siku mtu huyo kasafiri kwenda Geita msibani watafanya watakavyo. Kikiiogopa katiba yake, hata akiwa Geita faini itatozwa. Yule mama wa Nansio siku moja alichelewa kikao kwa dakika 20, kivuko kilimchelewesha, sababu ya kweli kabisa. Aliingia, hakukaa. Akafungua kanga, akatoa faini, akaiweka juu ya sanduku, ndipo akasalimia. Nilikuwepo. Tangu siku hiyo hakuna aliyeleta hadithi ya kivuko. Huo ndio woga ninaoukubali, na hakuupata kwa kukunja uso.

Kukataa ndiko kunakowashinda wengi wenye moyo kama wako. Mtu akija usiku kuomba hela ya kikundi nje ya kikao, mtoto wake mgonjwa, unafanyaje? Kama katiba yenu ina mfuko wa jamii, mfuko huo una taratibu zake na kiasi chake. Umpe njia hiyo, umsindikize hospitali kama jirani, na sanduku libaki limefungwa. Ukiwa na hela yako na unataka kumpa, mpe kama jirani, na umwambie waziwazi hii ni ya kwangu. Kinachoharibu ni kuchanganya. Jirani, mwenyekiti na benki wakikaa ndani ya gauni moja, siku ukimdai mtu deni la kikundi atasema umemnyanyasa rafiki.

Tena hapana inapokelewa vizuri kama anayeisema ameanza nayo mwenyewe. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa, na wakagusia mishahara ya wakubwa. Nyerere aliwarudisha makwao. Lakini papo hapo akakata mshahara wake na wa viongozi wa juu kwa asilimia 20. Unaweza kubisha kama kuwafukuza kulikuwa haki. Mimi mwenyewe kuna siku nabisha. Ila hakuna aliyeweza kusema mzee huyu anawabana wengine na yeye amejiachia.

Na kwa kuwa nimemtaja, nimalizane naye, maana watu wa kanda hii tunapenda kumaliza mjadala kwa jina lake. Butiama ni ng'ambo tu ya hapa, mkoa wa Mara. Alikuwa na sifa nyingi tunazozizungumzia. Januari 1962, uhuru una wiki sita tu, aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama vijijini. Mwaka 1985 aling'atuka urais kwa hiari na baadaye akarudi Butiama kulima. Nani leo anaacha hata uenyekiti wa mtaa?

Lakini ni chini ya uongozi huohuo vyama vya ushirika vilifutwa mwaka 1976, kazi zake wakapewa mamlaka na mashirika ya serikali. Mkulima wa Kwimba aliamka asubuhi akakuta chombo alichokijenga baba yake hakipo. Aliyekifuta hakuwa mwizi wala hakuwa na tamaa. Alikuwa anawapenda wakulima. Alidhani anajua njia fupi ya kuwafikisha. Mwaka 1984, kwenye mahojiano, Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kama angeanza upya mambo mawili asingeyafanya: kufuta serikali za mitaa na kufuta ushirika. Namheshimu zaidi kwa kukiri huko kuliko kwa hotuba zake nyingi. Na nimeukumbuka ukiri huo leo kwa ajili yako, kwa sababu wewe nawe unawapenda, na kwa kuwapenda unawafanyia, na kwa kuwafanyia unawapokonya. Mama anayelipiwa deni amepokonywa nafasi ya kusimama mbele ya wenzake na kusema "nimekwama, nipeni wiki mbili". Hiyo ni aibu, ndiyo, lakini ni aibu yake, na ndani yake mna heshima pia.

Kuona mbali, ambako vitabu hukusifu sana, kwenye mwalo ni kalenda. Kila mwenye akili Igombe anajua wakati wa mbalamwezi mitumbwi ya dagaa inapumzika na mzigo unakuwa haba, na masika dagaa wanalowa kabla hawajakauka wakaishia kuwa chakula cha kuku. Kiongozi anayeona mbali ni yule ambaye turubai zimenunuliwa kabla ya Machi na marejesho yamepangwa yasidondokee kwenye wiki za mwanga. Kama ratiba yenu ya marejesho inafuata tarehe za benki na haifuati mwezi wa angani, basi nusu ya wachelewaji wako hawana tatizo la tabia. Libadilisheni hilo kwanza, ndipo mjue mkaidi ni nani.

Sasa, ujiuzulu? Hapana, si mwezi huu. Ukiondoka leo, umechoka na una kinyongo, utawaachia kikundi kisichojua kusoma hesabu zake, na atakayeshika nafasi atakuwa ama shemeji yako au mtu wa aina yake. Ila usigombee tena uenyekiti, mgao wa mwisho wa mwaka ukifika, na waambie mapema ili wanaotaka waanze kujinoa. Mpaka wakati huo, kila ulichokuwa unakifanya peke yako kipe mtu, na usichague walewale wahodari. Safari ya Kirumba aanze kuifanya mama wa hisa moja, akiwa na mwenzake mzoefu wa kumsindikiza mara mbili za kwanza. Atapunjwa siku moja. Wewe pia ulipunjwa.

Mbalamwezi ijayo, boti zikiwa juu ya mchanga na watu wana nafasi, itisha kikao. Rudisha funguo. Taja madeni uliyoyalipia. Omba radhi kwa kuwaficha hesabu, maana ndicho ulichofanya, ijapokuwa kwa nia njema. Halafu mbalamwezi ikiisha na usiku wa giza ukirudi, mzigo ukianza kuwa mwingi na kila mtu akikuhitaji, nenda kwa mama yako ukae wiki mbili. Simu ipokee kwa msiba tu.

Ukirudi ukakuta mvua imewanyeshea dagaa na chanja zinanuka, siku ya kwanza usiseme neno. Uliza tu nani alikuwa zamu ya turubai, kisha kaa usikilize wanavyojibizana.